Kuta za Ghorofa ya Tisa

Ukuta wa zege uliojaa maji ukishikwa na moto mkali hupasuka. Haupasuki ufa mmoja kama chungu. Hurusha vipande, tabaka baada ya tabaka, hadi nondo zinabaki wazi. Nondo zikipata moto hulegea, na zikishalegea huo si ukuta tena.

Atugonza alikuwa amelisoma jambo hilo chuoni kama mhandisi yeyote. Alilielewa siku alipokata kipande cha ukuta wa ghorofa ya tisa, ukubwa wa ngumi mbili, akakitia kwenye tanuri la karakana. Alikuwa bado anamenya ndizi yake ya mchana tanuri lilipolia kana kwamba kuna mtu ndani yake anapiga mateke. Mfuniko ulibonyea. Alipoufungua baada ya kupoa alikuta changarawe.

Akakata kipande kingine, safari hii kutoka ghorofa ya nne. Hicho kilikaa tanurini mchana kutwa na kikatoka kizima, kimegeuka rangi tu.

Zege lilikuwa lile lile. Tofauti ilikuwa maji.

Jengo lilisimama kwenye kilima nyuma ya mji wa Bukoba, ghorofa kumi na nne. Halikujengwa na mafundi. Lilichapwa. Mashine ndefu zilizunguka juu ya msingi zikimimina zege mstari juu ya mstari, usiku na mchana, hadi jengo likafika juu bila mtu kushika mwiko. Na zege lenyewe halikuwa la kawaida. Waliliita zegehai, kwa sababu ndani yake walichanganya vijidudu vilivyolala. Ukuta ukipata ufa, maji yakiingia kwenye ufa, vijidudu vinaamka, vinatoa chokaa na kuuziba. Ukuta unajiponya kama ngozi.

Vijidudu hivyo vinataka kunyweshwa. Kwa hiyo kampuni ikatengeneza kinyweshi.

Kinyweshi kilikuwa mashine yenye ukubwa wa sufuria ya harusi, chenye miguu minane ya kunata. Kilipanda ukuta kama mjusi. Mgongoni kilibeba tanki, na tumboni kilikuwa na sindano mia za kusukuma maji ndani ya zege. Kilipewa sauti pia, maana watu wa kwanza kukiona kikitambaa darini walikimbia. Sauti ilikuwa ya kijana mpole. Kikibisha hodi kilisema, "Shikamoo, nimekuja kuangalia ufa. Uko wapi? Umeanza lini? Wewe mwenyewe unaendeleaje?"

Hilo swali la mwisho liliongezwa na mtu fulani ofisini ili wateja wafurahi.

Kampuni ilisema kwenye matangazo yake kwamba ukuta unaonyweshwa ni ngao ya moto. Haikuwa uongo. Maji kidogo ndani ya zege husaidia: moto unapokuja hutumia nguvu kuyachemsha kwanza, na upande wa pili wa ukuta unabaki baridi kwa muda mrefu zaidi. Lakini hayo ni maji kidogo. Yakizidi, yanageuka mvuke mwingi, na mvuke unatafuta pa kutokea. Zege la zamani lilikuwa na vitundu, mvuke ukapenya. Zegehai lilikwishaziba vitundu vyake vyote kwa chokaa yake lenyewe. Mvuke ukikosa njia, unaitengeneza.

Na waliopima zegehai kabla ya kuliuza walipima vipande vilivyokaa miezi kwenye maabara kavu. Hakuna aliyewaza kwamba ukuta utakuja kunyweshwa kila siku.

Atugonza alizungusha kipima-unyevu jengo zima. Kikomo kilikuwa asilimia tatu ya uzito wa ukuta. Sehemu nyingi zilikuwa chini ya hapo. Ghorofa ya tisa, kuta kumi na moja zilikuwa zimefika sita na saba.

Ghorofa ya tisa ilikaliwa na wazee. Watoto wao walikuwa wameajiriwa kwenye ujenzi wa mwezini, mikataba ya miaka mingi, na kabla ya kuondoka waliwatoa wazazi kwenye migomba na kuwaweka hapo, karibu na hospitali, penye lifti na maji ya moto. Walidhani wamefanya jambo jema, na kwa sehemu ni kweli.

Atugonza alirudi karakana akakifungua kinyweshi kilichohudumia ghorofa hiyo. Alidhani atakuta sindano zimeharibika zinavujisha. Sindano zilikuwa nzima. Kwenye maungio ya miguu, na juu ya mgongo pembeni ya tanki, alikuta buni zilizokaushwa, zile za kutafuna. Nyingi. Nyingine zimesagika kwenye gia, nyingine zimefungwa vizuri kwenye kipande cha jani la mgomba.

Alikaa chini. Alikuwa mtoto wa wilaya jirani ya Muleba na hakuhitaji kuelezwa. Mgeni akiingia nyumbani, kabla ya maneno, anapewa kahawa ya kutafuna. Hapewi mhunzi aliyekuja kutengeneza kitasa, hapewi mpita njia aliyeuliza jina la mtaa. Anapewa mgeni.

Alipanda ghorofa ya tisa, akagonga nyumba yenye ukuta uliolowa kuliko zote.

"Shikamoo, tata," alisema, akimwita baba kwa lugha ya kwao.

"Marahaba. Na miguu ni miwili tu," alisema Mzee Rwezaura. "Leo wamenitumia wa namna nyingine."

Alikuwa mrefu, amejikunja kidogo mabegani, amevaa koti ndani ya nyumba yake. Kabla Atugonza hajakaa, kisahani cha kahawa kilikuwa kimemfikia. Akatwaa buni mbili, akatafuna.

"Mimi ndiye mhandisi wa jengo. Nimekuja kuona ufa ulioripoti."

"Upi? Nina nyufa nyingi."

"Wa jana."

Mzee alimpeleka chumbani. Kitanda kilikuwa kimesukumwa hadi ukutani, na juu ya mto kulikuwa na mstari mwembamba wa kijivu. Atugonza aliuangalia. Akalowesha kidole kwa mate, akaupitisha. Mstari ukafutika.

Walitazamana.

"Penseli," alisema Atugonza.

"Ya seremala. Ndiyo inayofanana zaidi." Mzee alikaa kitandani. "Mwanzoni nilikuwa nachora vibaya, inafanana na mkia wa panya. Sasa mkono umezoea."

"Na kinyweshi hakikubishii?"

"Kinamwamini mtu. Ndiyo maana nakipenda."

Ilikuwa kweli. Zamani vinyweshi vilibisha, vikisema hapa sioni ufa, na wapangaji wakalalamika kwamba mashine inawaita waongo. Kampuni ikaamuru vinyweshi vikubali neno la mpangaji, maana nyufa nyingine ziko ndani hazionekani.

"Wote huku juu mnachora?"

"Wengine hawachori, wanasema tu. Kemilembe hapo jirani anasema anausikia. Eti ufa wake unalia." Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Binti yangu Asimwe anapiga simu kutoka huko aliko. Nikimsalimu, salamu inakwenda, inakaa, halafu ndiyo inarudi. Tukiongea tunakanyagana. Hiki kinakuja, kinaniuliza unaendeleaje, na kinangoja nimalize. Nimekieleza habari za ng'ombe wangu wote, mmoja mmoja. Nani mwingine angekaa?"

Atugonza mwenyewe aliishi chumba cha chini kando ya karakana. Mume alikwishaondoka, na hakuondoka kwa ugomvi, aliondoka tu. Kila jioni, akizima taa za karakana, Atugonza aliziambia mashine, "Haya, kesho." Hakuna aliyejua hilo.

"Kinyweshi kitapumzika kidogo," alisema. "Maji ya mjini yamepungua."

"Ziwa lote hili?"

"Bomba, tata. Siyo ziwa."

"Basi kisije na maji. Kije chenyewe."

Atugonza alimtazama. "Na mimi nitakuja," alisema.

"Karibu. Lakini watu wenye miguu miwili wanasema hivyo wote."

Alimpigia simu mkurugenzi, Bwana Mpanju, mtu wa haraka.

"Umekata ukuta wa watu?" aliuliza Mpanju.

"Vipande viwili vidogo. Kimoja kimelipuka tanurini. Kuta kumi na moja ziko hivyo. Moto ukitokea huko hazitamaliza nusu saa, na vitabu vyetu vinasema zinahimili kwa saa mbili."

"Zinakauka?"

"Polepole. Tukifunga maji leo, miezi minne zitakuwa salama."

"Funga."

"Wazee tuwaambie, au tuwahamishe."

"Atugonza, ukiwaambia wazee kwamba kuta walizolalia zinalipuka, kesho jengo zima liko barabarani na magodoro. Funga maji. Miezi minne si kitu. Jengo halijawahi kuungua."

Angeweza kubisha. Alijiambia kwamba Mpanju ndiye aliyeamua. Lakini alipokata simu alihisi nafuu, kwa sababu asingelazimika kupanda tena na kumwambia mzee yule kwamba mgeni wake ndiye aliyekuwa akimharibia ukuta.

Akafanya jambo lililoonekana zuri. Alimwaga tanki la kinyweshi, akafunga bomba lake la kujazia, akakibadilishia maagizo: kiende ghorofa ya tisa kila siku, nyumba kwa nyumba, kuwe na ufa au kusiwe. Kibishe hodi, kiulize hali, kingoje. Kampuni haikuwa na jina la kazi ya namna hiyo, kwa hiyo hakuiambia. Maagizo mengine hakuyagusa. Mojawapo lilikuwa la tangu kiwandani: tanki likiwa na maji, nywesha.

Wazee wakafurahi. Penseli ya Rwezaura ikakaa kwenye droo. Siku za mwanzo Atugonza alisikiliza akiwa karakana, kupitia spika ya kinyweshi, akamsikia Kemilembe akikisuta kwamba kimechelewa kwake kwa sababu kimekaa mno kwa yule mzee wa ng'ombe. Akacheka peke yake. Baadaye akazima spika, akaona si heshima kusikiliza maongezi ya watu.

Kupanda, hakupanda. Kulikuwa na lifti iliyokwama, mvua za masika zilizoingia paa, ukaguzi. Kila alipokumbuka, alijiambia kwamba kinyweshi kipo. Unyevu wa kuta aliujua kwa hesabu: siku maji yalipofungwa, kiasi zege linachopoteza kwa mwezi, basi. Mwezi wa nne ulipotimia, hesabu ilisema asilimia mbili na nusu. Akaandika kwenye mfumo wa jengo kwamba ghorofa ya tisa ni salama.

Moto ulianza alasiri, nyumba tupu ya ghorofa ya tisa iliyofanywa stoo ya betri kuukuu za mashine za usafi. Betri moja ilivimba, ikawasha nyingine. Stoo ilipakana na nyumba mbili: ya Kemilembe upande mmoja, ya Rwezaura upande wa pili.

Kikosi cha zimamoto kilifika upesi. Kamanda wake, mwanamke mfupi mwenye kofia iliyoungua ukingo, alimshika Atugonza mkono pale chini. Moshi ulikuwa umepanda kupitia njia ya nyaya na ghorofa za juu zilikuwa zimejaa, watu wanagonga madirisha. Korido ya tisa ilikuwa nyeusi.

"Niambie jambo moja tu," alisema kamanda. "Hao wa tisa, wakibaki ndani na milango imefungwa, kuta zao zinawalinda kwa muda gani?"

"Kwa saa mbili."

"Una hakika? Niliwahi kusikia maneno kuhusu kuta hizi."

"Zilikuwa zimelowa. Zimekauka. Anzeni juu."

Walianza juu. Ulikuwa uamuzi sahihi kwa maelezo waliyopewa. Wakashusha watu kumi na tisa kutoka ghorofa za juu, mmoja akiwa na mtoto wa wiki mbili kifuani.

Walipokuwa kwenye hao wa mwisho, jengo lilitoa mlio. Halafu mwingine, halafu mfululizo, kama mahindi makavu kwenye kikaango. Watu waliokuwa chini walidhani ni betri. Atugonza hakudhani. Alikuwa amekwisha kuusikia mlio huo karakana.

Alikimbilia ngazi, wakamzuia.

Ukuta wa stoo upande wa Rwezaura ulirusha tabaka lake la kwanza kabla nusu saa haijaisha. Ulipofika nondo, ulianguka wote kwa ndani, chumbani, mahali pa kitanda. Mzee alikuwa amelala usingizi wa mchana kama kawaida yake, au alikuwa ameketi akingoja kwa sababu vipaza sauti vya dharura ukutani vilimwambia atulie, yuko salama. Haikujulikana. Kinyweshi kilikutwa humo humo, kimebanwa.

Ukuta wa Kemilembe ulisimama. Ulikuwa na moto upande mmoja, na upande wa pili picha ya marehemu mumewe haikuanguka kutoka kwenye msumari wake. Walimtoa akitembea mwenyewe.

Siku ya pili Atugonza alimkuta Kemilembe kwenye ukumbi wa shule walikolazwa waliohamishwa. Alikaa kwenye kiti cha mwanafunzi, magoti juu, kanga begani. Atugonza alimsalimu, akakaa sakafuni mbele yake.

"Bibi, ukuta wa Mzee Rwezaura ulikuwa umelowa. Nimepima vilivyobaki. Sijui maji yalitoka wapi. Bomba nililifunga mwenyewe."

"Bomba ulilifunga ndiyo. Alikuwa akikijazia."

"Nani?"

"Rwezaura. Kila kilipokuja. Kwa jagi, kutoka jikoni. Jagi lenyewe langu." Kemilembe alivuta kanga. "Nilimwambia, wewe mzee, mashine inakunywa nini? Akasema hiki kijana kinakuja hapa na tanki kavu, kinafanya kazi ya watu bila tone, na mimi nikiangalie tu? Alisema ameshindwa kukipa kahawa maana hakitafuni, basi angalau maji. Kikishajazwa kilikuwa kinamwambia asante, halafu kinapanda ukutani kwake kinafanya kazi yake. Alifurahi sana kikifanya kazi."

"Kwako hakikufanya?"

"Mimi sikukijazia. Nilikiambia kwamba kwangu hakuna maji mpaka kiache kunichelewesha." Alikunja pindo la kanga. "Nilikuwa natania."

Atugonza aliangalia mikono yake.

"Halafu kwani," Kemilembe aliuliza, "maji yana ubaya gani kwenye moto? Yeye alisema ukuta wenye maji hauungui. Alisoma kwenye karatasi yenu pale kwenye lifti. Aliniambia, Kemilembe, mwagilia na wewe, siku moja utanishukuru."

Atugonza alimweleza. Alimweleza yote, kuhusu mvuke, na vitundu vilivyozibwa, na tanuri lililobonyea, kwa maneno ambayo mtu yeyote angeyaelewa. Haikuchukua muda mrefu. Ilichukua muda wa kunywa kikombe cha chai.

Kemilembe alisikiliza hadi mwisho.

"Hivi tu?" aliuliza.

"Hivi tu."

"Angeelewa hayo, waitu. Alikuwa na akili nzuri. Mngemwambia."

"Ndiyo."

"Ulisema utakuja. Aliniambia uliahidi. Alikuwa na kisahani chako pembeni, wengine tulikatazwa kukigusa."

Atugonza alikaa hapo sakafuni hadi wahudumu walipokuja kugawa uji. Kisha akaenda posta kuu kwenye chumba cha simu za mbali, kumpigia Asimwe binti Rwezaura huko mwezini. Alisema maneno yake, yakaenda. Akangoja. Kimya kikakaa kwenye waya kabla ya jibu, na katika kimya hicho alielewa mzee alikuwa akisema nini kuhusu salamu zinazokwenda na kukaa. Jibu lilipofika lilikuwa swali moja: alikuwa na nani?

Alikuwa peke yake, Atugonza alisema. Kauli ikaenda. Hakungoja irudi.

Gharama ya moto ule ni hii. Stoo moja na vilivyokuwamo. Nyumba moja. Kinyweshi kimoja. Kuta zilizokuwa zimelowa ni kumi na moja. Kumi zilikauka na zingesimama, mmoja ulianguka. Waliookolewa ghorofa za juu ni kumi na tisa, na wa ghorofa ya tisa wote isipokuwa mmoja. Aliyekufa ni Rwezaura, mwenye miaka sabini na minane, baba wa mtoto mmoja. Katika miezi ile minne mashine ilimtembelea kila siku. Mtu wa kampuni aliyepanda kumwona ni sifuri.